King'amuzi Kinachoganda Kikipata Moto: Chanzo Chake, Vipimo vya Nyumbani na Matengenezo

Msikilizaji wetu mmoja mwenye banda la kuonyeshea mpira katika kijiji cha kando ya ziwa alitupigia simu akiwa amekata tamaa. King'amuzi chake kilikuwa kinawaka vizuri kabisa, timu zinaingia uwanjani, watu wamekwisha kulipa mlangoni. Ikifika dakika ya thelathini hivi picha inavunjikavunjika, sauti inakwaruza, kisha kila kitu kinaganda. Akichomoa na kuchomeka tena kinawaka, lakini safari hii hakimalizi hata robo saa. Watu wanadai pesa zao. Alikuwa amekwisha kununua adapta mbili na LNB mpya, na fundi wa sokoni alimwambia kilichobaki ni kununua king'amuzi kingine.

Tulimuuliza swali moja: kimekaa wapi? Akajibu kimekaa juu ya amplifaya ya spika, na kimefunikwa kitambaa ili kisiingie vumbi.

Baada ya kuzungumza naye hewani tulipata simu nyingi za namna hiyo, nyingine kutoka nyumba zenye umeme wa gridi na nyingine kutoka kwa watumiaji wa sola. Tukakaa na mafundi wawili wa redio na televisheni tunaowaamini, tukafungua king'amuzi chetu cha mapokezi hapa kituoni ambacho nacho kilikuwa na tabia hiyo hiyo, na haya ndiyo tuliyoyapata. Soma polepole, na kama una fundi wa jirani, msomee.

Ndani ya king'amuzi kuna nini?

Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine kufuata, kila nyumba yenye televisheni ya zamani imelazimika kuwa na kijisanduku hiki. Wengi tunakiona kama swichi tu ya kubadilishia chaneli. Kwa kweli ni kompyuta ndogo. Mawimbi yanayotoka kwenye antena au dishi yanakuja yakiwa tarakimu zilizobanwa sana ili chaneli nyingi ziweze kupita kwenye njia moja. Kazi ya kuzifungua tarakimu hizo na kuzigeuza kuwa picha, mara ishirini na tano kila sekunde, inafanywa na chipu moja nyeusi ya mraba iliyo katikati ya bodi. Hiyo ndiyo prosesa. Haipumziki hata wewe ukiwa umesinzia kwenye kochi.

Umeme wote unaoingia kwenye king'amuzi hatimaye hugeuka kuwa joto. King'amuzi kidogo cha antena hutumia kama wati 5 hadi 10. Cha dishi hutumia zaidi, kwa sababu kinailisha LNB kwa kupitia ule waya wa dishi, volti 13 au 18 kutegemea chaneli. Wati 8 zinasikika kuwa kidogo, lakini fikiria balbu ya wati 8 umeifungia ndani ya boksi lenye ukubwa wa kitabu, na umeiacha inawaka kutoka taarifa ya saa mbili usiku mpaka tamthilia ya mwisho. Joto hilo lina njia moja tu ya kutoka, nayo ni hewa inayopita kwenye yale matundu ya juu, chini na pembeni. Hewa baridi huingia kwa chini, hupata joto, hupanda na kutokea juu, kama moshi kwenye bomba la jiko. Ving'amuzi vingi havina feni ndani. Vinategemea matundu hayo peke yake.

Chipu yenyewe inavumilia joto kubwa kuliko mkono wako. Nyingi hufanya kazi mpaka ndani yake pafike nyuzi joto 100 na zaidi. Tatizo ni hesabu ya kupandiana. Tuseme chipu ikiwa kazini inakuwa na joto la nyuzi 50 zaidi ya hewa inayoizunguka. Chumba kikiwa na nyuzi 25, chipu iko 75, hakuna shida. Sasa chumba kiko chini ya bati lisilo na dari, saa tisa alasiri, nyuzi 36. King'amuzi kiko juu ya amplifaya inayoongeza nyuzi 15 nyingine. Kimefunikwa kitambaa, kwa hiyo joto lake lenyewe halitoki na linaongeza tena. Hapo tayari umevuka 100 bila kitu chochote kuwa kimeharibika. Watengenezaji wengi hukusudia kifaa kikae kwenye hewa isiyozidi nyuzi 40 au 45, na wanamaanisha hewa iliyo pale pale kilipo king'amuzi, siyo iliyo uani chini ya mwembe.

Prosesa ikizidiwa hukosea hesabu. Kosa dogo hutokea kama vipande vya mraba kwenye picha. Kosa kubwa ni kuganda, rimoti haisikii. Baadhi ya ving'amuzi vina ulinzi ndani yake, vikipata moto sana vinajizima na kuwaka vyenyewe, na mwenye nyumba anadhani umeme umekatika.

Utajuaje kuwa ni joto?

Hapa ndipo pesa nyingi za wasikilizaji wetu zinapopotea, kwa sababu mawimbi dhaifu na adapta mbovu huleta dalili zinazofanana na za joto. Usinunue kitu chochote kabla hujapima.

Kipimo cha kwanza ni saa. Zima king'amuzi usiku mzima, kichomoe kabisa ukutani. Asubuhi, hewa ikiwa ya baridi, kiwashe na uandike muda. Kama kinacheza vizuri dakika 30, 40 au saa nzima ndipo kianze matatizo, na ukikipumzisha dakika tano tu na kukiwasha tena kinaharibika mapema zaidi, hiyo ni dalili nzito ya joto. Kama kinavunjavunja picha tangu dakika ya kwanza asubuhi na mapema, joto siyo mshitakiwa. Angalia antena, dishi na viungio vya waya.

Kipimo cha pili ni mistari ya mawimbi. Kila king'amuzi kina ukurasa kwenye menyu unaoonyesha nguvu na ubora wa mawimbi. Fungua ukurasa huo wakati picha ni nzuri, kumbuka namba, kisha ufungue tena matatizo yakianza, kama menyu bado inasikia. Ubora ukiwa umeshuka sana, hasa wakati wa mvua au upepo, tatizo liko nje ya nyumba. Ubora ukiwa ule ule lakini picha imeganda, tatizo liko ndani ya boksi.

Kipimo cha tatu tulikipenda zaidi, kwa sababu hakihitaji fundi. Kama king'amuzi chako kina tundu la flashi na kinaweza kucheza video, zima umeme, fungua waya wa antena au dishi uuweke pembeni, kisha washa na ucheze video ndefu kutoka kwenye flashi. Prosesa itafanya karibu kazi ile ile ya kufungua picha, lakini bila antena. Kikiganda baada ya muda ule ule, umeiondolea antena lawama. Kisipoganda kabisa, na kilikuwa cha dishi, rudi ukaangalie waya wa dishi. Maji yakiingia kwenye kiungio cha LNB au waya ukiwa umechubuka na nyuzi zake zimegusana, sehemu inayolisha LNB huzidiwa na kupata moto mkali, na boksi zima hupata moto nayo. Tumeona king'amuzi kilichopona kwa kukatwa inchi mbili za waya uliooza na kufungwa kiungio kipya.

Kipimo cha mwisho ni mkono. Baada ya saa moja weka kiganja juu ya boksi, hesabu mpaka kumi taratibu. Uvuguvugu ni kawaida. Kama huwezi kufika kumi, joto limezidi. Shika na adapta pia. Adapta inayounguza mkono, inayonung'unika au yenye harufu ya plastiki iliyoungua ndiyo mgonjwa wako wa kwanza, na usiendelee kuitumia, kwa sababu hiyo inaweza kuchoma nyumba.

Kuhusu adapta, neno moja kabla hatujaendelea. Ukiazima ya jirani ili kujaribu, soma maandishi yake. Volti lazima zilingane kabisa na zilizoandikwa nyuma ya king'amuzi, 12 kwa 12, 5 kwa 5. Ampea zinaweza kuwa sawa au zaidi, zisiwe pungufu. Na ule mchoro mdogo unaoonyesha kama chanya iko katikati au nje ya pini nao lazima ufanane. Adapta ya ampea 1 kwenye kifaa kinachotaka 2 itawasha taa, itakudanganya, na kifaa kitajizima kila kikipata kazi nzito.

Dawa isiyo na gharama

Mafundi wote wawili walitwambia wazi kwamba ving'amuzi vingi vinavyoletwa kwao kwa tatizo hili havikuhitaji kufunguliwa. Vilihitaji kuhamishwa.

Ondoa kitambaa. Tunajua kinapendeza, tunajua mama amekifuma kwa mkono wake na kina maua, lakini kiwekwe juu ya kochi. Shusha king'amuzi kutoka juu ya amplifaya, sabufa au deki. Vitu hivyo vina joto lao. Usikibane ndani ya kabati lenye mlango wa kioo, na kama hakuna pengine, acha mlango wazi kikiwa kinafanya kazi na toboa nyuma ya kabati. Kiache na nafasi ya kiganja kimoja kila upande. Kisha kiinue: vifuniko vinne vya chupa za soda chini ya pembe zake vinatosha kuruhusu hewa iingie kwa chini, na kwa king'amuzi chetu cha mapokezi hilo peke yake, pamoja na kukitoa chini ya rundo la magazeti, lilibadilisha mambo siku hiyo hiyo. Kiliacha kujizima. Kiliendelea kuganda mara moja moja, na sababu tutaieleza mbele.

Usikiweke ukutani mahali jua la alasiri linapopiga kwa nje, hasa kwenye nyumba ya matofali ya saruji, maana ukuta wa namna hiyo hukaa na joto mpaka usiku. Na usikiweke karibu na jiko, hata kama ndipo soketi ilipo.

Taa nyekundu siyo kuzima. Ukibonyeza rimoti, king'amuzi huacha kutoa picha, lakini mara nyingi prosesa na tyuna huendelea kufanya kazi ndani. Ndiyo maana ukikishika asubuhi kina joto. Kama hutazami, zima kwenye swichi ya ukutani. Wenye ving'amuzi vya kulipia wajue kwamba kikikaa siku nyingi bila umeme, ukikiwasha kinaweza kuhitaji dakika kadhaa kabla ya chaneli kufunguka, kwa kuwa kinapokea tena ruhusa ya malipo kutoka angani. Usikimbilie kumpigia wakala.

Kuna dawa ambazo tumezisikia na tunaomba ziachwe. Kuweka kitambaa kibichi juu ya boksi. Kuweka chupa ya maji ya barafu. Mmoja alikiri kuwa alikiweka king'amuzi ndani ya friji ya duka wakati wa mapumziko ya mechi. Kitu cha baridi kikikutana na hewa yenye unyevu, maji hujikusanya juu yake kama jasho kwenye chupa ya soda, na jasho hilo hutokea ndani, juu ya bodi yenye umeme. Feni ya mezani inatosha. Ielekeze pembeni ya boksi, wala usiihitaji iwe kubwa.

Wanaotumia sola

Nyumba nyingi zinazotusikiliza ziko nje ya gridi, na hapa kuna mambo ambayo maelekezo ya kwenye karatasi ya king'amuzi hayayagusi.

Betri inayoitwa ya volti 12 haikai kwenye 12. Ikiwa imejaa na imepumzika iko 12.7 hivi, na mchana jua likiichaji inaweza kufika 14.4. Watu wengi huunganisha king'amuzi moja kwa moja kwenye betri bila kidhibiti chochote. Baadhi ya ving'amuzi vinavumilia. Vingine vina, ndani yake, sehemu za kupunguza volti ambazo hufanya hivyo kwa kuigeuza ziada kuwa joto. Volti zikizidi, joto linazidi, na hiyo inatokea mchana wa jua kali ambapo chumba nacho kina joto. Kama king'amuzi chako kinaganda mchana tu na usiku kinatulia, jambo hili lichunguze. Kidhibiti kidogo cha kutoa volti 12 zilizotulia, kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya sola, kinaondoa tatizo hilo.

Upande wa pili ni waya. Waya mwembamba mrefu hula volti njiani. Tuseme betri iko jikoni na televisheni iko sebuleni, mita 10, na umetumia waya mwembamba wa spika wenye unene wa milimita za mraba 0.5. Umeme unakwenda mita 10 na kurudi mita 10. Kifaa kikivuta ampea 1.5, karibu volti 1 inapotelea ndani ya waya. Betri iliyochoka usiku ikiwa na 11.5, king'amuzi kinapata 10.5, na hapo kinaanza kujizima na kuwaka. Dalili inafanana na joto lakini hutokea usiku wa manane, boksi likiwa na uvuguvugu tu. Waya wa milimita 1.5 wa kawaida wa nyumba hupunguza upotevu huo mpaka chini ya nusu volti.

Kabla ya kuunganisha chochote kwenye betri, hakikisha chanya na hasi kwa mita. Kosa la sekunde moja hapo huua bodi.

Kabla hujachukua bisibisi

Geuza king'amuzi utazame nyuma. Je, kinapata umeme kupitia adapta ndogo ya nje, au waya wa umeme wa ukutani unaingia moja kwa moja kwenye boksi?

Kama waya wa ukutani unaingia moja kwa moja, usikifungue nyumbani. Tunasema hivi kwa uzito wote. Ndani ya boksi la namna hiyo kuna kapasita kubwa iliyojazwa umeme wa volti zaidi ya 300, kwa sababu umeme wetu wa volti 230 ukishanyooshwa hupanda mpaka hapo. Kapasita hiyo inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Mtoto au baba mwenye kujiamini akiigusa, haitamuuliza kama alichomoa. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye mita na anayejua kuiondoa chaji kwanza.

Kama kinatumia adapta ya volti 12 au 5, ndani hakuna umeme wa kuua, na mtu makini anaweza kukisafisha. Lakini angalia kwanza kama bado kina waranti. Ving'amuzi vingi vina stika juu ya skrubu moja, ukiichana umeaga waranti. Kilicho ndani ya waranti kirudishe kwa wakala na risiti, mwachie yeye afungue.

Kusafisha na kubadilisha pesti

Chomoa umeme, chomoa waya wa antena, subiri dakika 15. Tandaza kitambaa cheupe ili skrubu zisipotee. Gusa kwanza bomba la chuma au kitu chochote cha chuma kilichoko ardhini, kutoa umeme tuli mwilini, kisha fungua.

Utakachokiona mara nyingi kinachekesha na kusikitisha. Mende wanapenda uvuguvugu, sisimizi nao wanajenga, na vumbi letu jekundu hukaa juu ya bodi kama blanketi. Safisha kwa brashi laini na kavu ya rangi, ukipuliza kwa pampu ya baiskeli. Usipulize kwa mdomo, utapeleka mate. Usitumie kitambaa chenye maji. Uchafu wa mende unaonata usugue kwa mswaki ulioloweshwa kidogo kwa spiriti isiyo na rangi, na uache ukauke kabisa. Ukimaliza, bandika kipande cha neti ya mbu iliyochakaa kwa ndani ya matundu, safu moja tu. Hewa inapita, mende hapiti.

Sasa tafuta prosesa. Kwa kawaida ni ile chipu kubwa ya mraba, na juu yake kuna kipande cha alumini chenye meno kama ya kitana. Mafundi hukiita hitisinki. Kazi yake ni kulitoa joto kwenye chipu na kulitawanya hewani kupitia yale meno. Kati ya chipu na alumini kuna pesti ya kupitishia joto. Macho yanaona chipu na alumini ni laini, lakini vyote vina mabonde madogo sana, na hewa ikikaa humo inazuia joto lisipite. Pesti hujaza mabonde hayo. Baada ya miaka kadhaa hukauka na kuwa kama chokaa, au gundi yake huachia na hitisinki hubaki imelala tu juu ya chipu bila kuigusa vizuri. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya pili ya king'amuzi chetu. Tulipoigusa kwa kidole, hitisinki ilitingishika kama jino bovu.

Kama imeshikwa kwa pini za plastiki zenye springi, zibane kwa nyuma ya bodi kwa koleo ndogo, itatoka. Kama imegandishwa kwa gundi na haijalegea, iache. Usiivute kwa nguvu, unaweza kung'oa chipu pamoja nayo, na hapo umemaliza habari. Iliyotoka, futa pesti ya zamani pande zote mbili kwa pamba na spiriti mpaka chipu ing'ae. Weka pesti mpya katikati, kiasi cha punje moja au mbili za mchele. Rudisha hitisinki na uibane, pesti itajitandaza yenyewe. Pesti nyingi haisaidii, inazuia. Inapatikana kwa mafundi wa kompyuta na simu mijini, na bomba dogo linatosha ving'amuzi vingi, kwa hiyo majirani wanaweza kuchangiana.

Dawa ya meno si pesti ya joto. Hufanya kazi siku chache, maji yake yanakauka, halafu inabaki kuwa tatizo jipya. Mafuta ya kujipaka huyeyuka na kutiririka. Gundi ya kawaida huzuia joto badala ya kulipitisha.

Kuna ving'amuzi vya bei ya chini ambavyo chipu haina hitisinki kabisa. Unaweza kuongeza, kutoka kwenye bodi ya kompyuta iliyokufa, ikiwa na ukubwa wa chipu au zaidi kidogo na ikibandikwa kwa gundi maalumu ya kupitisha joto au mkanda wake. Hakikisha haigusi kitu kingine chochote kwenye bodi, kwa kuwa alumini hupitisha umeme, na hakikisha kifuniko kinafungika.

Kwa banda la mpira, ambalo king'amuzi kinafanya kazi saa nyingi huku watu wamejazana, feni ndogo ni jambo la busara. Feni ya kompyuta ya volti 12 ikilishwa volti 5 kutoka kwenye chaja ya simu huzunguka taratibu bila kelele, na upepo wake unatosha, ingawa nyingine hugoma kuanza kwa volti 5 na inabidi ujaribu kabla ya kununua. Ifunge nje ya matundu, ikivuta hewa ya moto kutoka ndani. Usiilishe kutoka kwenye tundu la flashi la king'amuzi, maana mgonjwa hapewi mzigo wa kubeba.

Ikiwa hayo yote hayakusaidia

Tazama kapasita, zile za duara zilizosimama kama vikopo. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Kilichovimba au kuvuja ute wa kahawia kimekufa, na mara nyingi ni joto lililokiua. Kanuni wanayoitumia mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto unazopunguza huongeza maisha ya kapasita mara mbili. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 itaishi kama saa 8,000 kwa nyuzi 85, na kama 32,000 kwa nyuzi 65. Kukihamisha king'amuzi kutoka juu ya amplifaya, kumbe, ni kukiongezea miaka. Kubadilisha kapasita ni kazi rahisi kwa fundi na haina gharama kubwa, mradi aweke yenye uwezo ule ule, volti sawa au zaidi, na ya nyuzi 105.

Lipo jambo moja tunawatahadharisha nalo. Fundi anaweza kukwambia prosesa "imeachia" na akaipasha kwa bloa ya hewa ya moto. Ni kweli kwamba chipu nyingi zimeshikwa kwa vidonge vidogo vya lehemu kwa chini, na kupata moto na kupoa kila siku huvipasua. Lehemu isiyo na madini ya risasi, inayotumika siku hizi, huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Bloa ikitumiwa kwa kukisia tu, ufa unaweza kushikana kwa wiki moja au mwezi, kisha tatizo linarudi, na mara nyingine chipu inakufa hapo hapo mezani. Kama anataka kufanya hivyo, mwombe akubali malipo baada ya wiki mbili za kufanya kazi. Akikataa, umepata jibu lako kuhusu anavyoiamini kazi yake. Kwa king'amuzi cha bei ndogo, kufikia hatua hiyo mara nyingi ni heri kununua kipya na kumwachia fundi kile cha zamani kwa vipuri: adapta, rimoti na hitisinki yake vinaweza kukiponya cha mtu mwingine. Usikitupe shimoni na usikichome moto, moshi wake ni sumu.

Mwenye banda tulimpigia tena baada ya mwezi. King'amuzi ni kile kile. Amekijengea kijirafu cha mbao ukutani, mbali na spika, na feni ya kompyuta aliyoitoa mjini imefungwa pembeni yake kwa waya. Pesti bado hajabadilisha, anasema atafanya ligi ikipumzika. Zile adapta mbili alizonunua bure ameziuza, LNB ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, imebaki ndani ya mfuko kama akiba.